Ndugu yetu dereva Marekani, dai chako

Leo tuvuke bahari kidogo. Wengi wenu mna kaka, binamu au mjomba anayeendesha lori Marekani. Taja Minneapolis au Columbus pale Eastleigh uone watu wangapi wana jamaa huko. Huyo ndiye analipa karo na kodi ya nyumba hapa. Sasa wiki moja anatuma, wiki tatu kimya, na ukimuuliza anakwambia mambo ni magumu tu. Usikimbilie kumwita bahili. Huenda amevuta mizigo usiku na mchana, halafu karatasi ya malipo imekuja na makato mpaka imebaki sufuri. Wengine hata hujikuta wao ndio wanadaiwa.

Mtego uko hivi. Kampuni inamwambia, wacha kuajiriwa, kuwa bosi wako mwenyewe. Inamkodisha lori, kisha kila wiki inakata kodi ya lori, dizeli, bima, matengenezo, na pesa ya amana juu yake. Eti baada ya miaka kadhaa lori litakuwa lake. Lakini anayegawa mizigo ni kampuni hiyo hiyo! Ikimnyima mizigo, kodi ya lori ataitoa wapi? Akishindwa, lori linarudi na anapewa kijana mwingine. Januari 2025, jopo lililoundwa chini ya idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa malori lilipendekeza mikataba ya aina hii ipigwe marufuku. Mimi naunga mkono. Bosi gani huyo asiye na sauti hata kwa pesa yake?

Kwa sasa mikataba hiyo bado iko, lakini sheria pia iko, na hapa ndipo nataka umsaidie ndugu yako. Kuna kanuni za serikali kuu, Sehemu ya 376, zinaitwa Truth-in-Leasing. Zinamlinda dereva anayekodisha lori lake kwa kampuni inayosafirisha mizigo kati ya majimbo, hata kama lori lenyewe bado analilipia. Mkataba lazima uwe wa maandishi, umetiwa sahihi, na nakala moja abaki nayo yeye. Akishapeleka stakabadhi za mzigo zinazotakiwa, alipwe ndani ya siku 15. Kampuni haiwezi kusema tunangoja mwenye mzigo alipe kwanza.

Kama analipwa kwa asilimia, ana haki ya kuona bili ya mzigo, ajue ni asilimia ya ngapi. Usikubali "tuamini tu." Makato nayo, kila aina lazima iwe imetajwa kwenye mkataba na jinsi inavyohesabiwa, na akiuliza aonyeshwe karatasi za kuthibitisha. Wakidai mzigo umeharibika, wampe maelezo kwa maandishi kabla ya kukata, si baada. Wala hawawezi kumlazimisha kununua vitu kwao ndio apewe kazi.

Ile amana sasa. Mkataba ukiisha, kampuni ina siku 45 kurudisha kilichobaki pamoja na hesabu yake. Sheria inasema pia amana hiyo izae riba; kuhusu hiyo riba muulize sheikh wako, lakini mtaji ni jasho lake halali na asiuache. Ila abandue jina na nambari za kampuni kwenye lori, maana mkataba unaweza kuweka hilo kama sharti la malipo ya mwisho.

Shida ni kwamba serikali yenyewe haitamfuatilia kila dereva. Sheria inamwachia yeye aende mahakamani, na akishinda kampuni inaweza kuamriwa kulipa gharama ya wakili. Kampuni nyingi huweka kifungu cha kumzuia kushtaki, kwamba lazima aende kwa msuluhishi faraghani. Dominic Oliveira, dereva wa kampuni ya New Prime, alikipinga kifungu kama hicho hadi Mahakama ya Juu, na Januari 2019 majaji wanane kwa sauti moja wakasema sheria ya serikali kuu ya usuluhishi haiwezi kumfunga dereva kama yeye, hata kama mkataba unamwita mtu huru na si mwajiriwa. Sheria za majimbo zinatofautiana, kwa hivyo wakili bado anahitajika.

Na kama mwenye kampuni ni mtu wa nyumbani, wa kabila moja, wa msikiti mmoja? Hapo ndipo watu hunyamaza kwa haya. Sioni sababu. Kanuni haiulizi mtu ni wa nani.

Leo ukimpigia, kabla ya kuuliza pesa, muulize kama nakala ya mkataba anayo. Mwambie apige picha kila karatasi ya malipo na kila stakabadhi ya mzigo, akutumie uziweke. Lori likichukuliwa ghafla, makaratasi yaliyokuwa ndani huenda asiyaone tena.