Samaki Anazama, Wewe Unapiga Video

Wasee, tuongee kuhusu hii mambo ya kutia samaki wa mikoko kwenye bakuli la glasi. Wale wadogo wenye macho juu ya kichwa kama chura, wanaorukaruka kwenye matope ya Gazi au Tudor maji yakipwa. Aina moja tuliyo nayo Pwani inaitwa Periophthalmus argentilineatus, na ni jamaa ya gobi. Mtu anamtoa huko, anamjazia maji ya mfereji hadi juu, anarekodi, na nyinyi mnampa mioyo.

Huyo samaki anaweza kuzama. Najua inakaa mzaha. Anapumua sana kupitia ngozi na ndani ya mdomo, bora abaki na unyevu na apate hewa. Ukimnyima mahali pa kupanda, anajigongagonga kwenye glasi akitafuta ufuo ambao haupo. Wewe unaandika "anadensi".

"Ni samaki tu, kwani wewe huli omena?" Nakula, tena na ugali. Lakini omena hawekwi sebuleni afe polepole ndio mtu apate wafuasi.

Na wauzaji nao wasijifiche. Kuna gobi mdogo wa mistari myeusi na manjano kama nyuki, Brachygobius, kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Aina kadhaa zinauzwa kwa jina moja. Zingine zinataka maji yenye chumvi kidogo, zingine zinavumilia maji matamu, na muuzaji hajui ako na gani. Anakuambia tu "mpe chakula cha kawaida." Huyu mara nyingi hagusi chakula kikavu! Anataka kitu kinachosogea, kama mabuu ya mbu. Kwa hivyo anakufa njaa chakula kikielea juu yake, halafu unaambiwa ni baridi ya Nairobi.

Sisemi msifuge. Anayetaka samaki wa mikoko ajenge tangi pana, nusu mchanga, maji kina kifupi, kifuniko cha kubana ili hewa ibaki na joto na unyevu. Chumvi iwe ya bahari ya akwariamu, si ile ya kuweka kwa sukuma. Na maji yakikauka kidogo, ongeza yasiyo na chumvi, maana chumvi haipai na mvuke, inabaki mle ndani ikizidi ukali. Hiyo ni doo na kazi. Kama huna, kuna gajoni wa Papua New Guinea, Tateurndina ocellicauda, sentimita 7 hivi, rangi kama tausi, na anaishi maji matamu bila drama.

Kabla utoe pesa, muulize muuzaji: ni aina gani, anakula nini hapa dukani, na maji yake yana chumvi kiasi gani? Akikujibu "yoyote tu", rudisha simu mfukoni, M-Pesa yako ibaki vile iko.