Meli zinazojificha na ramani isiyoaminika

Kila meli yenye ukubwa wa tani 300 au zaidi inayofanya safari za kimataifa hulazimika kuwa na mtambo uitwao AIS. Ikiwa safarini, mtambo huo hutangaza kwa redio, kila baada ya sekunde chache, namba ya utambulisho ya meli, mahali ilipo, kasi na uelekeo wake.

Lengo lilikuwa kuzuia meli zisigongane. Lakini tangazo hilo halina siri. Mlinzi wa pwani hulipokea, na mshambuliaji vilevile.

Tangu Wahouthi wa Yemen waanze kushambulia meli katika Bahari ya Sham mwezi Novemba 2023, manahodha wengi wamelazimika kuchagua baina ya hatari mbili. Kanuni za kimataifa zinamruhusu nahodha kuzima mtambo akiona usalama wa chombo chake umo mashakani. Hata hivyo, katika njia nyembamba kama Bab el-Mandeb, anayejificha kwa adui hujificha pia kwa jirani yake.

Wala kunyamaza si kinga. Galaxy Leader, iliyotekwa tarehe 19 Novemba 2023, ilikuwa imeuzima mtambo wake. Mabaharia wake 25 waliachiwa huru Januari 2025.

Wengine waliamua kusema. Mahali pa kutaja bandari meli iendako hujazwa na mabaharia wenyewe, na mapema mwaka 2024 meli kadhaa ziliandika hapo kwamba hazina uhusiano na Israel, au kwamba mabaharia wote ni Wachina. Aliyetarajia kusoma jina la mji alikuta ombi la kunusuriwa.

Upo pia uongo asioutunga baharia. Juni 2025, wakati wa vita vya Israel na Iran, mawimbi ya GPS yalivurugwa karibu na Hormuz. Meli ya mafuta Front Eagle ilionekana ramanini ikiwa nchi kavu, ndani ya Iran. Siku mbili baadaye, tarehe 17, iligongana na Adalynn katika Ghuba ya Oman, na mabaharia 24 wa Adalynn wakaokolewa. Umoja wa Falme za Kiarabu ulisema chanzo ni makosa ya uongozaji wa meli.

Kwa hiyo, kila nukta ramanini yapaswa kuchukuliwa kama kauli ya shahidi, si kama meli yenyewe. Picha za rada zinazopigwa na setilaiti huionyesha hata meli iliyonyamaza, lakini hupigwa kwa vipindi, na baina ya picha moja na nyingine meli huweza kuwa imekwenda mbali.