Krimu au Mchanga?

Hivi umewahi kununiana na mwenzio siku tatu kwa sababu ya rangi ya ukuta? Sisi tulinuniana!

Miaka sita tulipanga, na rangi alichagua baba mwenye nyumba. Kwa hiyo tulipohamia kwetu hapa Dar, kila mmoja aliona zamu yake imefika. Mimi nilitaka rangi ya mchanga, mzee akang'ang'ania krimu. "Hiyo yako tope tupu," akasema. Nikamwambia yake kiini cha yai. Basi, kimya. Chakula kinaliwa, televisheni inaangaliwa, maneno hakuna.

Aliyetuokoa ni fundi rangi. Alituambia tuachane na kadi ya dukani, tununue kopo dogo la kila rangi. Akapaka vipande viwili ukutani, mita moja kwa moja, mikono miwili, maana rangi ya maji ikikauka haibaki ilivyokuwa mbichi. Kisha akasema: mvitazame asubuhi, jioni na usiku ndipo mniite.

Hapo siri ikatoka. Dirisha la sebule linatazama magharibi. Saa kumi jua likiingia, krimu inawaka njano kwelikweli, mchanga umetulia zake. Usiku, chini ya taa yetu nyeupe ya 6500K, mchanga unapoa na kuwa kama kijivu, krimu ndiyo inapendeza. Sasa mimi hufika nyumbani mapema, yeye kazi na foleni humleta saa tatu usiku. Kumbe wote tulikuwa tunasema kweli!

Tulichukua mchanga, tukabadili taa, tukaweka za 3000K, zile zenye mwanga wa njano. Usiku ule alisimama mlangoni, akatazama kuta, akacheka: "Haya, umeshinda." Nikamwambia hapana, taa ni wazo lako.

Lakini kuna kitu kiliniuma, nikuambie ukweli. Mume wangu alikuwa haijui sebule yake ikiwa na jua. Tukakubaliana walau Ijumaa moja moja awahi kurudi, tunywe chai pale dirishani.

Na wewe, kabla hujamwambia mwenzio hana macho, muulize kwanza: wewe hapa nyumbani huwa unapaona saa ngapi?