Mfungo Si Karasha

Hapa Rwamgasa alfajiri huanza kwa mlio wa karasha. Mawe yaliyotoka shimoni yanasagwa hadi yawe unga, unga unaoshwa, dhahabu inanaswa kwa zebaki. Jiwe halina hiari. Likisagwa vya kutosha, litatoa kilichomo.

Nina hofu kwamba karasha hilo tumelihamishia madhabahuni. Tunafunga siku tatu kavu, kisha saba, kisha arobaini, tukiamini kwamba mfungo ukiwa mkali vya kutosha Mungu atatoa: duara litatema, ugonjwa utaondoka, adui ataanguka. Fundisho hili nalipinga, na silipingi kwa vitabu peke yake.

Mimi na mke wangu, pamoja na watoto wetu wawili, tulitumwa kutumika Ujerumani. Mwaka wa pili, wakati wa Kwaresima, simu ilikuja kutoka nyumbani: mama wa mke wangu amelazwa, na hali yake ni mbaya. Nauli hatukuwa nayo. Tukafunga na kuomba. Tulikula mara moja tu kwa siku, jioni. Binti yetu wa miaka tisa alirudi na mkate wake wa shuleni bila kuugusa, akasema naye anamwombea bibi.

Wakristo wa huko walikuwa na mfungo wao. Tangu mwaka 1983 Kanisa la Kiinjili lina kampeni ya Kwaresima iitwayo Wiki Saba Bila. Mmoja anaacha chokoleti, mwingine pombe. Moyoni niliwacheka. Kisha jirani yetu mjane akabisha hodi na bahasha. Ilikuwa fedha ya mvinyo ambao hakuununua. Haikufika hata robo ya nauli ya mtu mmoja. Tuliituma nyumbani, ikanunua dawa.

Mama alifariki Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu. Mke wangu aliyaona mazishi kwenye simu.

Tuliporudi, ndugu mmoja wa maombi alituambia hivi: "Poleni, Mchungaji. Lakini ninyi mlifunga nusu. Mngefunga kavu, mama angekuwa hai." Mke wangu hakumjibu. Alikwenda jikoni kumchemshia chai.

Mimi namjibu leo. Kama mfungo hununua uhai, basi kila kaburi la Mkristo ni deni ambalo wafiwa walishindwa kulilipa, na msalaba wa Kristo haukutosha. Daudi alifunga siku saba kwa ajili ya mwanawe mgonjwa, na mtoto akafa. Daudi akainuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana kusujudu. Paulo alisihi mara tatu kuhusu mwiba wake, na mwiba ukabaki. Bwana wetu aliomba Gethsemane mpaka jasho likawa kama matone ya damu, na kikombe hakikuondolewa. Nani atasimama amwambie Yesu kwamba hakuomba vya kutosha?

Utaniuliza, "Basi, Mchungaji, unataka tusifunge?" La hasha! Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alikuita kufunga maandalizi mazuri ya nje, ila aliyestahili kweli kuijia Meza ya Bwana ni yule mwenye imani. Tufunge, lakini tufunge kama kanisa la Antiokia katika Matendo 13. Walifunga, wakaomba, wakawawekea mikono Barnaba na Sauli, wakawaacha waende zao. Mfungo wao uliishia kwa kuwatoa watu waliowapenda.

Isaya 58 inatubana zaidi. Mwenye duara anayefunga wiki nzima huku wachimbaji wake hawajalipwa, huyo hajaanza kufunga. Anayetoka kwenye mkesha na kuchoma zebaki karibu na mahali wanapolala watoto, huyo hajaanza kufunga. Na anayemwambia mfiwa kwamba maombi yake yalipungua, afunge kinywa kwanza kabla ya kufunga tumbo.

Tulipata nini Ujerumani? Tulichoomba hatukukipata. Lakini usiku ule wa msiba, nyumba yetu haikuwa tupu. Yule mjane alikaa nasi hadi usiku wa manane. Maneno ya Kiswahili hakuyajua, akakaa hivyo hivyo. Niliyekuwa nimemcheka ndiye aliyenifundisha mfungo ni nini.

Sasa kila Ijumaa mke wangu hali mchana, na sahani yake huenda mwaloni kwa mama mmoja anayeosha marudio na mtoto mgongoni. Hamwombi Mungu dhahabu. Ndugu yangu, utakapomaliza mfungo wako, usiulize kwanza umepata nini. Uliza ni nani aliyekula.