Bursi ya kuandika: watoto wa wachimbaji nao wapate

Siku moja nilikaa mu mukutano wa kartie, sisi watu tunaoishi karibu na kariere. Tulikuwa tunapanga mambo ya kutia mu cahier des charges, yale sosiete ya madini itatufanyia. Maji: watu wote makofi. Masomo: makofi. Nyumba ya dawa: makofi. Kisha kijana mumoja, mutoto wa muchimbaji, akasimama na kusema: « Muandike pia makuta kidogo ya kulipa vijana watatu wane, watembee mu makartie, wachunguze namna gani wanamuziki, wachoraji na watu wa teatre wetu wanaishi, na nani anakula makuta yao. »

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Leo niko na haya juu ya kile kicheko, njo maana ninaandika.

Ile kijana aliomba iko na jina: ni bursi ya kuandika. Ku inchi zingine, universite na mashirika wanachagua vijana wanaoanza kazi ya uchunguzi, wanawalipa miezi fulani, wanawapa mukubwa mumoja wa kuwaongoza, na wale vijana wanaandika juu ya politiki ya sanaa. Wababa na wamama, musiogope ile neno politiki. Hapa haiko mambo ya vyama. Ni maulizo ya kila siku: nani anaamua kama kartie itakuwa na nyumba ya michezo? Kikundi cha ngoma kikiitwa kuimba mbele ya wakubwa, kinalipwa ao kinapewa soda tu? Wimbo wa mutoto wetu ukipita ku radio, makuta inaenda wapi?

Sisi tuliokomalia mu makambi tunajua hii maneno si ya kuchezea. Wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, makambi yalikuwa na serkeli, na fanfare, na michezo. Tusidanganyane: haikuwa upendo tu. Kampani ilitaka mutumishi atulie, alale vizuri, kesho arudie ku kazi. Lakini mahali palikuwa. Kisha Gécamines ikaanguka mu miaka ya 1990, na ile mahali ikaanza kupotea. Mu kambi yetu, nyumba ya michezo imekuwa depo ya mahindi. Nani aliiuzisha? Kwa bei gani? Tuliuliza, wakatuambia: « Leteni mukaratasi. » Hatuna hata mumoja. Mutu asiye na mukaratasi, hata akiwa na haki, anarudi nyumbani mikono mitupu.

Haiko kusema watu wa kwetu hawajue kuandika. Mu 1965, hapa Lubumbashi, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville, André Yav aliandika Vocabulaire ya muji huu, kwa jina la watumishi waliofanya kazi mu nyumba za Wazungu. Aliandika kwa Kiswahili, kile chetu cha hapa. Hakuna mutu alimulipa bursi. Kile kitabu kilikuja kujulikana inje kisha miaka 25, wakati profesa Johannes Fabian alikichapisha ku Amsterdam mu 1990. Na Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji wetu, alichora historia ya inchi mu miaka ya 1970, picha karibu mia moja. Leo mwenye kutaka kuziona anapashwa kupanda ndege, aende Ulaya.

Simulaumu profesa. Pasipo yeye, labda ile yote ingepotea. Lakini tujiulize: kwa nini kazi ya kuchunga maneno yetu inangojea mugeni? Ni sawa na madini. Yanatoka hapa mabichi, yanapikwa kwingine, kisha yanarudi na bei ya juu.

Ninajua mutasema nini: « Maji kwanza. Mutoto yuko na njaa, wewe unaleta mambo ya sanaa! » Ni kweli, maji kwanza. Hakuna mutu mwenye akili atabisha. Lakini tuhesabu pamoja.

Sheria ya madini, vile walivyoibadilisha mu 2018, inaamuru kila sosiete inayochimba itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake, kwa uchache, juu ya maendeleo ya watu wa pale. Sosiete ikiuzisha ya dola milioni 100, ile asilimia ni dola 300.000. Sasa chukua vijana watano, uwape kila mumoja dola 300 ku mwezi, miezi sita. Ni dola 9.000. Ku kila dola mia ya ile makuta, ni dola tatu. Zile 97 zingine zinabaki juu ya maji, masomo na dawa. Na watu wa jamii wako na wajumbe wao mu kile chombo kinachochunga ile makuta. Basi wajumbe wetu wako na mulomo. Waufungue.

Lakini bursi pasipo masharti itakuwa posho ya watoto wa ndugu za shefu. Mimi ninapendekeza haya. Wachaguliwe kwa maandiko, majina yafunikwe. Nusu wawe wabinti, juu mutoto mwanamuke akikosa makuta ya masomo, yeye njo wa kwanza kubakia nyumbani. Walipwe ku mwisho wa kila mwezi, si ahadi. Waandike kwa Kifaransa juu ya biro, na kwa Kiswahili juu yetu. Na kazi ikiisha, isomwe kwa sauti mbele ya kartie, muzee aliyechimba miaka 30 akiwa amekaa pale, aseme: « Hapa umekosea, mutoto wangu. »

Siku moja madini yataisha. Wazee wa Kipushi walikwisha kuona muji unavyokuwa mungodi ukifungwa: walifunga mu 1993, na vijana wakakomaa pasipo kuona kazi. Siku ile itakapofika kwetu, tutaulizwa tulikuwa na nini hapa. Kama hakuna mutu aliandika, watatujibu kwamba hatukuwa na kitu.

Yule kijana wa mukutano angali hapa kartie. Mukutano mwingine utakuja. Akisimama tena, mimi nitapiga makofi wa kwanza.