Dhahabu ya Isidingo



Ndoto ya Kimarekani huahidi kwamba afanyaye bidii atatajirika. Tamthilia ya Isidingo ya Afrika Kusini (1998–2020), ambayo wengi wetu tuliifuatilia kupitia ITV, iliipima ahadi hiyo katika mgodi wa dhahabu wa Horizon Deep: jasho liliwatoka wachimbaji, ilhali aliyestawi alikuwa Barker Haines, tena kwa hila. Sisi wa Nkende hatukuhitaji mfasiri. Katika mgodi wetu wa North Mara, Mei 2011, watu wasiopungua watano walioingia kutafuta mawe yenye dhahabu waliuawa kwa risasi za polisi. Wazazi walioizima runinga kwa kuchelea mapenzi ya Isidingo (hofu yao twaielewa) wangewaachia vijana walau sehemu zile za mgodini.