Saratani ya tumbo: jeni za kurithi zina uzito gani katika Maziwa Makuu?

Mwezi Julai mwaka 2025, watafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, walitoa makadirio yanayostahili kusomwa kwa makini Kigali, Bujumbura, Bukavu na Kampala. Miongoni mwa watoto waliozaliwa duniani kati ya 2008 na 2017, wapatao milioni 15.6 watakuja kuugua saratani ya tumbo iwapo hakuna kitakachobadilika, na asilimia 76 ya visa hivyo vitatokana na bakteria mmoja, Helicobacter pylori. Katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, mzigo huo unatarajiwa kufikia angalau mara sita ya ule uliokadiriwa mwaka 2022, kwa sababu watu wanaongezeka na wanaishi miaka mingi zaidi.

Makadirio hayo yanakuja baada ya miongo mitatu ya kuambiwa kinyume chake. Mwaka 1992 daktari Holcombe aliandika katika jarida la tiba la Gut kuhusu alichokiita fumbo la Afrika: sehemu kubwa ya watu huambukizwa bakteria huyo tangu utotoni, ilhali saratani ya tumbo ilionekana kuwa nadra. Jina hilo lilishika, likazaa dhana ya kutuliza moyo, kwamba huenda Waafrika wamerithi kitu mwilini kinachowakinga.

Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Wengi walioambukizwa huishi na bakteria huyo hadi uzeeni bila kujua kuwa wanaye, na ni wachache tu wanaofikia saratani. Ili kuelewa kwa nini, hatuna budi kuanza na inflamesheni, na hapa Kiswahili cha hospitalini kinatutega: neno uvimbe hutumika kwa inflamesheni na hutumika vilevile kwa donge la saratani, hata mgonjwa aliyeambiwa ana uvimbe tumboni hurejea nyumbani asijue aogope kipi. Inflamesheni ni mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya jeraha au kijidudu: damu huongezeka mahali hapo, joto hupanda, chembe za kinga hukusanyika kupambana. Ikidumu siku chache huponya. Ikidumu miaka ishirini au thelathini, chembe zilezile zilizokuja kulinda huwa zinamuumiza mwenyewe, na seli zinazolazimika kugawanyika kila mara ili kuziba majeraha hukusanya makosa katika vinasaba vyake. Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Ujerumani, alidokeza uhusiano huo tangu mwaka 1863.

Nguvu ya mwitikio huo haifanani kwa watu wote, na sehemu ya tofauti hiyo hurithiwa. Mwaka 2000, timu iliyoongozwa na Emad El-Omar ilichapisha katika jarida la Nature utafiti uliofanyika Scotland na Poland. Walichunguza jeni zinazohusiana na interlukini-1 beta, protini ambayo kinga huitumia kupiga mbiu ya hatari, na ambayo pia ni miongoni mwa vizuizi vikali zaidi vya utoaji wa asidi tumboni. Aliyerithi aina fulani za jeni hizo, akishaambukizwa, tumbo lake huwaka zaidi na asidi yake hupungua. Asidi ikipungua, bakteria ambaye angebaki sehemu ya chini ya tumbo hupanda na kuenea hadi juu. Tezi hunyauka, na njia ya kuelekea saratani hufunguka. Yule ambaye asidi yake hubaki nyingi huelekea zaidi kupata vidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na kwa mtu wa namna hiyo saratani ya tumbo si ya kawaida. Bakteria ni yuleyule.

Ugunduzi huo ulipokelewa kwa shangwe, na kwa haki. Lakini uzito wake unahitaji kupimwa vizuri. Aina hizo za jeni ziliongeza hatari kwa takriban mara moja na nusu hadi mara tatu, na hubebwa na watu wengi mno ambao hawatapata saratani kamwe. Si sawa na hitilafu ya jeni ya CDH1, iliyotambuliwa mwaka 1998 katika ukoo mmoja wa Wamaori wa New Zealand, ambayo huweza kuangusha kizazi baada ya kizazi. Zaidi ya hapo, tafiti za interlukini-1 ziliporudiwa kwingineko, hasa barani Asia, majibu yaligongana: mahali pengine uhusiano ulionekana, mahali pengine haukuonekana kabisa.

Kwa nini yagongane? Jibu lenye mwanga zaidi, kwa maoni yangu, limetoka Colombia. Wakazi wa Tumaco, mji wa pwani wenye watu wengi wa asili ya Kiafrika, na wale wa Túquerres, mjini milimani ambako asili ya Wahindi Wekundu ina nguvu zaidi, wameambukizwa kwa kiwango kinachokaribiana, takriban watu tisa kati ya kumi. Hata hivyo saratani ya tumbo milimani ni takriban mara 25 ya ile ya pwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha nasaba ya watu na nasaba ya bakteria waliowabeba. Bakteria wenye asili ya Afrika walipokaa katika miili ya watu wenye asili ya Kiafrika, madhara yalikuwa madogo. Walipokaa kwa watu wa milimani, madhara yaliongezeka. Bakteria huyu alitoka Afrika pamoja na binadamu yapata miaka 60,000 iliyopita, na tangu hapo wamekuwa wakizoeana. Kwa hiyo kuuliza iwapo jeni fulani ni mbaya, bila kuuliza imekutana na bakteria gani, ni kuuliza nusu ya swali.

Mtu anaweza kulichukua jibu hilo na kurudi nalo kwenye faraja ya mwaka 1992. Asifanye haraka. Wataalamu Agha na Graham, walipokusanya mwaka 2005 taarifa za endoskopi, kipimo cha kuingiza kamera tumboni kupitia kooni, walionyesha kuwa penye kipimo hicho fumbo la Afrika huyeyuka. Pasipokuwa nacho, aliyefariki kijijini baada ya miezi ya kutapika na kukonda aliandikwa, kama aliandikwa popote, kuwa amekufa kwa tumbo. Na katika nyanda za juu za Rwanda, Burundi, Kivu na kusini magharibi mwa Uganda, ripoti za hospitali kwa miongo kadhaa zimeipa saratani ya tumbo nafasi kubwa kuliko maeneo mengine mengi ya Afrika. Huko nako ni milimani, kama Túquerres. Iwapo sababu ni jeni za inflamesheni, aina ya bakteria, chakula, moshi wa jikoni au yote kwa pamoja, kazi ya kulichambua hilo bado ni changa.

Uchanga huo una chanzo kinachojulikana. Hadi mwaka 2018, asilimia 78 ya watu walioshirikishwa katika tafiti kubwa za kuhusisha jeni na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Wa asili ya Afrika walikuwa asilimia 2 tu, ingawa Afrika ndiyo yenye utofauti mkubwa zaidi wa vinasaba duniani. Mradi wa H3Africa, uliozinduliwa mwaka 2010, ulianza kuziba pengo hilo kisha ufadhili wake ukamalizika mwaka 2022. Kipimo cha jeni kinachouzwa leo kwa kuahidi kukadiria hatari ya saratani kwa kiasi kikubwa kimejengwa juu ya miili ya Wazungu. Mkazi wa Goma anayekinunua ananunua makadirio ya mtu mwingine.

Ambacho hakihitaji kusubiri jeni ni matibabu ya bakteria mwenyewe. Katika visiwa vya Matsu, Taiwan, kampeni ya kuwapima na kuwatibu wakazi iliyoanza mwaka 2004 ilipunguza visa vipya vya saratani ya tumbo kwa takriban nusu. Utafiti wa Japani wa mwaka 2023, uliohusu jeni za kurekebisha vinasaba na si za inflamesheni, ulionyesha jambo linaloelekea upande huohuo: mwenye hitilafu ya kurithi akiwa pia na bakteria, hatari yake hadi umri wa miaka 85 ilikadiriwa kufikia asilimia 45.5, aliyeambukizwa bila hitilafu, asilimia 14.4, na mwenye hitilafu asiye na maambukizi, chini ya asilimia 5. Urithi haufutiki, maambukizi yanafutika.

Katika Maziwa Makuu hilo si jepesi. Dawa ni mchanganyiko wa viuavijasumu viwili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na usugu umeshaenea, hasa kwa metronidazole, kutokana na miaka ya kuzinunua dawa hizo dukani bila cheti cha daktari. Kumtibu kila aliyeambukizwa kungeuongeza usugu huo. Pa kuanzia pako wazi zaidi: mwenye mzazi au ndugu aliyekufa kwa saratani ya tumbo apimwe na kutibiwa kwanza, na apimwe tena baada ya dawa. Hilo linawezekana katika kituo cha afya cha wilaya. Endoskopi ndiyo ngumu, kwa kuwa wataalamu wake wamejazana katika miji mikuu, ilhali watoto waliozaliwa kati ya 2008 na 2017 wako shuleni vijijini, na wengi wao wameshaambukizwa.